Mimi ndiye yule muuguzi wa kipindupindu aliyeonekana kwa TV amempa mgonjwa mgongo

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio kazini na mliojifungia chooni na simu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika. Nitakayosema niliyaona mwenyewe au niliambiwa nyumbani, isipokuwa sehemu moja ambayo sikuiona wala kuisikia, na tukifika hapo nitawaambia. Majina nimebadilisha. Hospitali sitaitaja. Mkitaka kukisia kisieni, mimi sitajibu.

Mnakumbuka ile clip?

Muuguzi mwanaume amesimama kwenye mlango wa hema, gambuti, aproni ya plastiki, miwani, barakoa. Nyuma yake kuna pazia, na sista anahangaika na mgonjwa peke yake. Sista anaita, "Njoo ushike huu mkono!" Jamaa anajibu, "Siwezi kugeuka." Clip inakatika hapo.

Wengi wenu mliitazama. Wengine mliishare hapa hapa, na mmoja akaandika kwamba huyo jamaa afungwe kwa mti anyweshwe maji ya mto mpaka ajue kipindupindu ni nini.

Mkuu, nilisoma. Huyo jamaa ni mimi.

Sasa tulieni niwapeleke polepole.

Mimi ni Mkisii wa upande wa Ogembo. Nimeoa Nyamira, pande za Sironga. Mke wangu nitamwita Kwamboka, na binti yetu wa kwanza Bosibori, kwa hivyo ukweni naitwa Baba Bosibori. Kazi yangu ni uuguzi. Kwa sababu ni mwanaume, wagonjwa wananiita daktari. Zamani nilikuwa nawarekebisha, siku hizi naitika tu.

Kipindupindu kilipoingia kwetu mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Vyoo vilifurika, chemchemi zikachafuka, na watu walikuwa wanaendelea kwenda matangani na kula pamoja kama kawaida. Haikuchukua muda. Hospitali ikasimamisha mahema uwanjani nyuma ya wodi, ikazungushia kamba, ikaweka beseni la klorini pale pa kuingilia. Watu wa nyumbani wanabaki nje ya kamba. Sisi tunaingia.

Kuna mambo mawili lazima myajue kuhusu kazi yenyewe, la sivyo hamtaelewa.

La kwanza ni kitanda. Kitanda cha kipindupindu ni cha turubai, kimekatwa shimo katikati, na chini ya shimo kuna ndoo. Mgonjwa analala bila nguo ya ndani, anafunikwa leso. Kinachomtoka kinaenda kwa ndoo. Sisi tunapima ndoo, tunajua amepoteza maji kiasi gani, tunayarudisha kwa drip na kwa kunywa. Ukiwahi, mtu anapona. Ukichelewa, anakauka mbele yako. Wagonjwa tunawaambia hakuna aibu pale, ni maji yanatoka na maji yanaingia. Wengine wanakubali. Kina mama wa umri mkubwa wanakubali kwa mdomo tu.

La pili ni jina. Ukishavaa yale mavazi yote hata mama yako hakujui, kwa hivyo tunaandikana majina kifuani kwa kalamu ya wino mzito. Herufi kubwa. Ni kawaida kila mahali pa milipuko.

Basi shikeni hapo: jina langu lilikuwa kifuani, herufi kubwa.

Sasa kwa wale si Wakisii. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, ni heshima ya nani anaweza kuwa huru mbele ya nani. Na hakuna mahali ni kali kuliko kati ya mwanaume na mama mkwe wake. Huingii chumba anacholala. Humpi mkono. Humwoni akiwa hajajistiri, na yeye hakuoni wewe. Mkikutana njiani mnasalimiana kwa mbali, kila mtu anaangalia pembeni, mnaulizana hali ya watoto, mnaachana.

Si chuki, jameni. Mama mkwe wangu ananipenda. Ndizi zikikomaa anatuma mkungu mzima na anasisitiza ni wa Baba Bosibori. Ananipenda kutoka mbali, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Najua kuna wataandika hapa chini kwamba hayo ni ya kizamani na Wakristo tuliachana nayo. Mama mkwe wangu ni Msabato, tena shemasi. Pasta wao alishawahi kuhubiri kwamba hizi desturi zisitufunge. Pasta huyo huyo nilimwona kwa macho yangu soko la Nyakoe, akamwona mama mkwe wake anachagua nyanya, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Haya.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, kama kuna kawaida wakati wa mlipuko. Kwamboka akanipigia simu kutoka kwao Sironga. Mama alikuwa anaharisha tangu alfajiri na sasa miguu ilikuwa inakamata, hawezi kusimama.

"Mlete," nikasema.

"Amekataa."

"Amekataa kwa nini?"

Kwamboka akashusha sauti. "Anajua ni wewe uko huko."

Nikamwambia amwambie nitakaa mbali, nitaita mtu mwingine. Na nilimaanisha. Nilikuwa nimepanga kuvuka kwenda hema la wanaume na kumwachia mwenzangu la wanawake. Lakini mwenzangu mmoja alikuwa ameanza kuharisha mwenyewe, mwingine ametumwa vijijini kufuatilia familia za wagonjwa. Tuliobaki tulikuwa mimi, mama wa usafi, na Sista Moraa.

Sista Moraa ni muuguzi mzuri, ila ni wa maternity. Ndiyo mara yake ya kwanza kuingia kwenye hayo mahema. Umwambie azalishe mapacha anazalisha huku anaongea na simu. Lakini mgonjwa aliyekauka mpaka mishipa imelala, hilo hakuwa amelizoea, na alikuwa amesema wazi asubuhi kwamba nisimwache peke yake.

Mama akaletwa na boda, amekalishwa katikati, Kwamboka nyuma amemshika. Nilimwona kutoka mbali nikajua. Macho yameingia ndani, mdomo mweupe. Hiyo ni hali ya kufa, wakuu, sitawapamba maneno.

Kwamboka akabaki kwenye kamba. Moraa na mama wa usafi wakambeba mpaka ndani. Mimi nikasimama kando ya mlango nikiangalia chini.

Sauti ilikuwa imekwisha, lakini ya kunikataa ilibaki. Nikamsikia anasema kwa Kikisii, "Yule asiingie."

"Mama, amebaki yeye tu," Moraa akamwambia. "Mimi hii kazi naanza leo."

"Nirudisheni nyumbani."

"Mama, ukirudi nyumbani utakufa."

"Nirudisheni."

Na alikuwa anajaribu kuinuka. Mtu hawezi hata kumeza mate na anatafuta kushuka kitandani.

Nikageuka nikaangalia nje. Nikasema kwa sauti, ili asikie vizuri, "Mama, nimegeuka. Sikuoni. Na sitageuka hata hema likishika moto. Nitakuwa namwambia tu sista cha kufanya."

Kitanda kikatulia. Halafu akasema, "Umeapa?"

Wasabato hawapendi viapo. Nikamwambia nimesema, na nikisema nimesema.

"Basi," akasema, na akalala.

Hayo ndiyo makubaliano. Alikubali kutibiwa kwa sababu ya mgongo wangu. Sijui kama naeleweka. Ningegeuka hata mara moja, yule mama angeshuka pale, na hakuna sheria ya kumfunga mgonjwa kamba.

Basi tukafanya kazi hivyo. Mimi naangalia nje, Moraa ndani ya pazia. Namwambia funga mkono hapa, gonga mshipa, jaribu wa kushoto, jaribu kwa mguu. Sindano ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa.

Sasa, siku hiyo hiyo wakubwa wa kaunti walikuwa wamealika waandishi wa habari waje waone jinsi hali imedhibitiwa. Mimi nilikuwa nimesahau. Wakaja na magari yao, wakasimama nje ya kamba, mkubwa mmoja akaanza kueleza. Mlango wa hema tulikuwa tumeukunja juu hewa iingie. Kamera za siku hizi zinavuta mbali. Niliwaona pale, lakini kichwa changu kilikuwa nyuma yangu.

Moraa akapoteza subira. Akapaza sauti, "Mishipa imelala yote! Njoo ushike huu mkono!"

Nikasema, "Siwezi kugeuka."

Hapo ndipo clip yenu inaishia.

Sasa niwaambie kilichoendelea. Mvua ilianza kudondoka, wale wageni wote wakakimbilia magari. Na mimi nikarudi nyuma. Kinyumenyume, kama lori linaingizwa kwa stoo. Mama wa usafi akaniongoza kwa mkono nisiangushe ndoo za watu. Nikafika kwenye pazia, nikakalia ndoo tupu iliyopinduliwa, mgongo kwa pazia. Moraa akamsogeza mama ukingoni, akamfunika vizuri, akapitisha mkono wa mama chini ya pazia mpaka ukatokea kando ya kiuno changu. Mkono tu, kuanzia kiwiko. Nikavaa glavu juu ya glavu.

Mama akauliza, "Nani ananishika?"

Moraa akajibu, "Ni glavu, mama."

Akakubali. Nafikiri alijua, lakini akakubali.

Mshipa nikaupata. Nilipoona damu inarudi kwenye sindano nilitaka kulia, na miwani ikaingia ukungu. Drip ikafunguliwa yote, ya pili ikafuata, na nilikaa pale kwa ile ndoo mpaka Moraa akasema mama ameomba maji ya kunywa. Mgonjwa wa kipindupindu akiomba maji kwa hasira, jua mmeshinda. Aliomba kwa hasira.

Alipona. Alikaa siku chache, akarudi nyumbani kwake. Kila shift yangu pale nilikuwa naingia kinyumenyume. Wagonjwa wengine walidhani ni sehemu ya matibabu.

Jioni ya siku ile ile ya sindano nikakaa kutazama habari za saa moja.

Nikajiona. Juu ya kichwa changu wameandika kwamba wauguzi wametelekeza wagonjwa wa kipindupindu. Muziki wa kutisha. Jina langu kifuani, hawakulifunika. Kisha wakaenda studio Nairobi kwa mtaalamu amevaa suti nzuri, akaeleza kwamba wito wa uuguzi umekufa. Mwingine akamtetea muuguzi, akasema huyo ana msongo wa mawazo, ona anavyoangalia mbali. Nilikuwa naangalia maembe ya jirani wa hospitali, mkuu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mbele yangu.

Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza.

Niseme kitu hapa kidogo kisha nirudi. Wiki chache kabla ya hapo, stesheni hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha nesi mwingine mahali pengine, amekaa chini ya ukuta amechoka, wakamwekea kinanda, wakamwita malaika. Yule sista namjua. Alikuwa anasubiri mtu amletee ufunguo wa stoo.

Kwa vyombo vyetu vya habari kuna nesi malaika, nesi mgomaji na nesi muuaji. Mlipuko ukianza sisi ni malaika, mpaka mtu mmoja apige picha mbaya. Tukidai vifaa ni wagomaji. Nesi anayepima ndoo, anaosha gambuti, anaenda nyumbani kupika ugali, huyo hana picha. Na hao ndio sisi tulio wengi. Sisemi waandishi wote ni wabaya. Yule kijana wa kamera alirekodi kilichotokea, hakutunga. Angeuliza tu Mkisii yeyote pale nje, hata yule wa kuuza karanga, "Kwa nini mwanaume anasimama hivyo?" angeambiwa, "Uliza nani amelala pale ndani." Lakini alikuwa na gari la kuwahi.

Turudi.

Matusi nilizoea haraka. Boda wa stage yetu wakaanza kunigeuzia migongo nikifika, wanacheka. Hiyo nilicheka nao. Wagonjwa wakawa wanasoma kifua changu kabla ya kuniruhusu niwaguse. Hiyo sikucheka.

Kisha siku moja mwanaume akaleta mkewe kutoka juu ya Nyakoe. Alimleta kwa kitanda cha mbao na majirani. Mke alikuwa ameshakata roho njiani. Nikamuuliza kwa upole mama alianza lini kuumwa. Akasema jana asubuhi. Nikamuuliza kwa nini hawakuja jana.

Hakunifokea. Akaniambia tu, "Tuliona kwa TV vile mnafanya watu. Tukasema afadhali augulie nyumbani."

Alikuwa ananiangalia kifuani.

Wakuu, hapo niliumia. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikakaa. Nilikuwa na hasira hata sikujua ya kumpelekea nani. Yule mama alikuwa wa kupona, alikuwa wa drip mbili tatu na kurudi kwake.

Kwamboka akaanza kunisukuma. "Sema ukweli. Andika hata kwa Facebook. Sema ni mama, sema ni chinsoni, watu wataelewa."

"Niseme nini?"

"Useme kwa nini ulisimama hivyo."

"Nitamwambia nani bila kusema mama yako alilala wapi, na amevaaje? Hicho kitanda kinajulikana sasa, TV wamekionyesha. Kila mtu kanisani atapiga picha kichwani."

"Na watu wakiendelea kufa nyumbani?"

Tulilala tumenuniana. Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na hiyo ndiyo nyumba mbaya zaidi kukaa.

Nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Walisema wazi: nisipojieleza, kazi hakuna, na wanaandika mpaka kwa baraza letu la wauguzi nisishike sindano popote.

Siku ya kikao nikaenda na shati safi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutoka mbali, si wa huku kwetu. Kulikuwa na maofisa wengine wawili, matroni wetu, na Moraa kama shahidi. Moraa nilikuwa nimemwomba aeleze kazi tuliyofanya lakini asiseme mgonjwa ni nani kwangu. Alikuwa ameniita mjinga, kisha akakubali.

"Ulikataa kumhudumia mgonjwa?" mwenyekiti akauliza.

"Sikukataa."

"Ulisema huwezi kugeuka. Sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa nini hukuweza?"

Nikaangalia mezani.

"Una sababu au huna?"

"Ninayo. Lakini si yangu kuisema."

Akashusha pumzi. Matroni, ambaye ni Mkisii na ana wakwe zake, aliniangalia kwa namna fulani. Nafikiri hapo ndipo alianza kuelewa. Moraa alikuwa ameuma meno.

Mlango ukagongwa.

Sasa hamjui kilichotokea Sironga, hata mimi nilikuja kuambiwa na Kwamboka baadaye. Kina mama wa kanisa walikuwa wameenda kumwombea mama kwa vile alikuwa ameugua. Katika stori, mmoja akatoa simu amwonyeshe. "Mama, shukuru Nyasae hukupatikana na huyu shetani." Hawakujua ni nani aliyelala nyuma ya pazia. Mama akatazama. Akaomba irudiwe. Akauona mkono wake mwenyewe umetokeza kando ya pazia, na ukingo wa leso yake. Aliwaacha wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Ndipo akamuuliza Kwamboka hicho kikao cha Baba Bosibori ni lini.

Angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu duniani angejua.

Mlango ukafunguliwa, akasimama pale. Nguo ya Sabato, kitambaa cha kijani kichwani, amekonda. Nikainuka haraka nikaangalia dirisha. Yeye akaangalia ukuta wa upande wa pili.

"Bwakire," akawasalimu. Kisha kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi ndiyo ule mgonjwa. Nataka kuongea. Lakini Baba Bosibori atoke kwanza."

Mwenyekiti akashangaa. "Mama, huyu ndiye kikao ni chake."

"Najua. Atoke."

"Tunamjadili yeye, mama. Ana haki ya kusikia."

"Hii hawezi kusikia."

Matroni akamwinamia mwenyekiti sikioni akamnong'oneza. Mwenyekiti akanionyesha mlango kwa mkono. Nikapita kando ya ukuta, mama akasogea upande wa pili, nikatoka.

Na hii ndiyo sehemu niliyowaambia sikuiona. Matroni alifunga hata madirisha. Nilisimama nje na sikusikia neno. Mara moja nilisikia kina mama wanacheka, Moraa na matroni, cheko la kushtukia. Sijui alisema nini. Moraa anajua, alimwambia Kwamboka, na Kwamboka nikimuuliza ananiambia, "Wewe hiyo si yako." Na ni kweli, si yangu. Mtu hawezi kuuliza alichosema mama mkwe wake kuhusu kitanda kile.

Mwenyekiti akatoka wa kwanza. Alikuwa ameshika miwani mkononi. Akanipa mkono, akasema, "Rudi kazini," akaenda zake.

Kisha akatoka mama. Akasimama mbali, akaangalia tangi la maji.

"Baba Bosibori."

"Naam, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Sawa," akasema, akaenda barabarani kutafuta boda.

Stesheni ilipata habari, sijui kwa nani. Sasa ndiyo wakanipigia simu. Walitaka kutengeneza habari mpya, kwamba mimi ni shujaa aliyemwokoa mama mkwe. Wakasema watakuja na kamera nzuri. Walitaka tukae kitandani, mimi na mama, nimemshika mkono, tunaangaliana, na sista kwa nyuma anatabasamu.

Nikawaambia hiyo haiwezekani. Wakasema basi hata kukumbatiana tu.

Jameni.

Nikawaambia waongee na Sista Moraa na mama wa usafi, maana wale ndio walioingia kwenye pazia. Wakasema watanipigia. Ile clip bado iko, ukitafuta utaipata, na comments zinaendelea.

Nikafikiri yameishia hapo.

Baada ya muda, kabla mlipuko haujapungua, akaletwa mama mmoja wa makamo kutoka Sironga. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye kamba, anayumba, lakini amewahi, macho bado yana maji. Nilifurahi kuona mtu amekuja mapema. Akasoma kifua changu herufi kwa herufi, mimi nikajiandaa kwa matusi.

"Ni wewe mkwe wa shemasi?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Ametuambia sisi wote. Amesimama kanisani akaeleza kina mama kila kitu, na hicho kitanda chenu, na ndoo. Akasema tusife na aibu nyumbani." Akashika tumbo, akapumzika. "Mimi mume wangu na baba mkwe wako ni ndugu. Kwa hivyo mimi pia ni mama kwako."

"Ndiyo, mama."

"Basi geuka nipite."

Nikageuka. Akapita. Nyuma yake walikuwa wengine wawili wanashuka kwa boda.

Ndiyo hivyo, wakuu. Mimi sikujitetea na sikumwokoa mtu kwa maneno. Yule mama alichukua kitu ambacho nilikaribia kufukuzwa kazi nikimfichia, akakiweka mbele ya kanisa zima ili majirani wake wapone. Hicho kamera haikukipata, na hata ingekuwepo sijui kama ingekiona.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiona clip ya muuguzi wakati wa mlipuko, akiwa malaika au akiwa shetani, tafuta kwanza nani amelala nyuma ya pazia na anataka nini. Kisha ndiyo ushare.

Wauguzi mlio humu, ninyi mmepigwa picha gani? Waandishi pia karibuni, semeni upande wenu, sitatukana mtu. Na Wakisii wenzangu, niambieni kwa ukweli: ungekuwa wewe kwenye ule mlango, ungegeuka?